Gauni Lilifika Jumamosi

Mtaani hakuna aliyemwita jina lingine ila Fundi. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani, chenye dirisha linalotazama barabara, na cha nyuma ndimo alimolala mumewe, seremala, ambaye kwa miezi saba alikuwa hajakanyaga karakana. Ini lilikuwa limechoka. Daktari alitamka hivyo hivyo, "limechoka," kana kwamba lingelala kidogo halafu likaamka na nguvu zake. Mtoto hawakujaliwa. Walikuwa wawili tu, randa na sindano, kwa miaka ishirini na sita.

Kila Jumamosi asubuhi Fundi alimnyoa mumewe ndevu. Alimkalisha kwenye kiti ambacho seremala alikitengeneza kwa mikono yake siku za uzima, akamfunga kitambaa cheupe shingoni, akachemsha maji, akachukua wembe mpya. Seremala hakukubali mkono mwingine.

"Kinyozi ananipiga msasa," alikuwa akisema. "Fundi ananikata kama hariri."

Sasa, Fundi alikuwa mwanachama wa kikundi cha sala cha akina mama. Mwenyekiti wa kikundi hicho cha akina mama alikuwa mwanamume, na msiniulize kwa nini, kwa sababu hata wao wenyewe hawakuwahi kujiuliza. Alikuwa mtunza ghala mstaafu, mtu safi, mwenye saa kubwa mkononi. Mwaka ule kikundi kilipanga kwenda kuhiji ng'ambo, kwenye kanisa moja lililo juu ya kilima, ambako ilisemekana mgonjwa huombewa hata akiwa amebaki kwao, na mwombaji hurudi na chupa ya mafuta ya kumpaka. Fundi alikuwa amejiandikisha kabla hata mumewe hajaugua. Sasa aliona kama Mungu alimwandikisha makusudi.

"Kaa na mimi, mke wangu," seremala alimwambia. "Mungu hata hapa yupo."

"Yupo, lakini kule wanasema husikia upesi."

"Kumbe hapa tuko na tawi tu, lisilo na mamlaka?"

Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho kilimuumiza seremala ubavu. Alipopata pumzi aliuliza atarudi lini.

"Ijumaa ya wiki ijayo, jioni. Jumamosi moja tu ndiyo itapita."

"Haya, ipite. Lakini hiyo ya pili usiikose. Sinyolewi na mtu mpaka uje."

"Nikikosa hiyo, usinifungulie mlango."

Ndivyo walivyoagana. Dada yake seremala akahamia pale nyumbani kumwuguza, na Fundi akampigia wifi yake magoti ya shukrani.

Magauni ya safari aliyashona yeye, thelathini, ya bluu ya mbingu, pamoja na vilemba vyake, kutoka majora ya kitambaa kimoja. Alitaka kuweka kifungo cha rangi tofauti kwenye kila kola ili watu wasichanganyikiwe. Mwenyekiti alikataa. Alitaka waonekane kitu kimoja. Na hapo ndipo unapomwona mtunza ghala: miaka thelathini alihesabu magunia akiwa mlangoni, kidole kikipiga hewa, mdomo ukinong'ona namba, bila kuingia ndani. Gunia halihami, wala halina uso. Alistaafu, lakini kidole hakikustaafu. Kila walipopanda gari alisimama mlangoni akahesabu bluu. Zikitimia thelathini, twende.

Na safari yenyewe ilikuwa ya mikosi tangu mguu wa kwanza. Ndege iliahirishwa, wakalala kutwa nzima kwenye sakafu ya uwanja. Walipofika, mabegi kumi na moja hayakuonekana, la Fundi likiwemo. Nyumba ya wageni ilikuwa imewapa wengine vitanda vyao, wakatandikiwa magodoro ukumbini. Basi la kuwapeleka kilimani lilichemka njiani, wakasukuma, wanawake wazima, na magauni yao ya bluu.

Wengine walinung'unika. Fundi hakunung'unika hata mara moja. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo pale sakafuni. Yeye ndiye aliyesema, "Jamani, Mungu hachelewi wala hawahi, subira huvuta heri." Ukweli ni kwamba moyoni alikuwa na mapatano yake na Mungu, ya siri. Sakafu ile, hiyo ni kwa ajili ya ini. Begi lililopotea, hilo pia ni la ini. Kila alipoteseka alifurahi kidogo, akiona mume wake anapata nafuu kwa kila kero. Mtu mwenye imani ya namna hiyo unaweza kumwibia chochote, naye akakushukuru.

Kilimani alipanda ngazi zote kwa magoti, akaomba mpaka sauti ikamkauka, akapewa chupa yake ndogo ya mafuta, akaining'iniza kifuani kwa uzi. Siku hiyo akapiga simu nyumbani.

"Anakula kidogo," wifi alimwambia. "Ila ndevu zimekuwa kichaka. Nimemletea kinyozi, amemfukuza."

Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Siku ya kurudi, Ijumaa, walianza safari ya basi, mwendo wa saa sita, kwenda uwanja wa ndege. Katikati ya njia waliposimama kwenye kituo cha mafuta kujinyoosha, jirani yake wa kiti alimmwagia chai kifuani. Fundi akaenda msalani, akabadilisha, akavaa gauni lake la kawaida la kahawia lililokuwa mkobani, lile la bluu akalifua kwenye beseni la kunawia. Akarudi garini, akalitandaza kwenye kiti chake likauke, mikono ikining'inia huku na huku, na kilemba akakivisha juu ya kiegemeo cha kichwa. Mkoba wake akauacha pale pale. Jirani yake alikuwa ameshaenda kujilaza viti vya nyuma, kwa aibu ya chai.

Dereva alikuwa bado anakunywa soda. Fundi akakumbuka kwamba dirishani mwa duka la kile kituo ameona sabuni ya kunyolea, ile ya povu zito, yenye harufu ya ndimu, ambayo seremala aliipenda tangu ujana na huku nyumbani haikupatikana tena. Kesho ni Jumamosi. Akachukua kijipochi chake, akashuka.

Mwenyekiti akaja mlangoni. Mapazia yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya jua, ndani mna utusitusi, akina mama wanasinzia. Kidole kikapiga hewa. Ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini. Twende.

Fundi alitoka dukani na sabuni mkononi, akaona mgongo wa basi. Alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili alikimbia katikati ya barabara kuu akipunga sabuni, na basi halikugeuza hata kioo.

Mhudumu wa kituo alimpa simu yake. Lakini Fundi hakuwa na namba ya mtu kichwani isipokuwa yake mwenyewe. Nyingine zote zilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa garini umekaa na gauni. Alijipigia mwenyewe mara kumi na moja. Haikuita. Baadaye akakumbuka kwamba asubuhi ile mwenyekiti aliamuru simu zote zizimwe njiani ili wasali vizuri, naye akaizima yake kwa mkono wake. Walikuwa wanamshukuru Mungu kwa kuwarudisha wote salama.

Waligundua uwanjani, wakati wa kugawana pasi za kusafiria, ambazo mwenyekiti alizitunza zote yeye. Moja ikakosa mwenyewe. Ndege ilikuwa inaita. Mwenyekiti akaiacha ile pasi kwenye dawati la shirika la ndege, akasema Mungu atamfikisha, akabeba mkoba na gauni visije vikapotea. Fundi alifika kwa lori la mboga, saa nzima baada ya ndege kuruka. Binti wa dawati alimpa pasi yake, akamwambia kiti kingine kitapatikana Jumanne.

Alikaa uwanjani siku nne. Aliosha uso kwenye choo cha abiria, akala mkate aliogawiwa na mfagiaji. Na bado, hebu fikiria, bado alikuwa anasema Mungu hachelewi. Hili nalo ni la ini, aliwaza. Hili ndilo kubwa lao, likiisha hili, mume wangu amepona. Jumapili mchana aliazima simu tena, akajipigia, na safari hii simu ikapokewa. Wifi yake, aliyeiwasha akitumaini atapiga.

"Wifi! Mume wangu hajambo? Nipe niongee naye."

"Amelala, wifi."

"Usimwamshe. Mwambie Jumamosi imenipita lakini asinifungie mlango."

"Wewe njoo tu, wifi. Njoo tu."

Alimrudishia mfagiaji simu akiwa anatabasamu.

Jumatano asubuhi alikunja kona ya mtaa wake, chupa ya mafuta kifuani, sabuni mfukoni. Akaona viti vya kuazima nje ya nyumba, na viatu vingi mlangoni. Hakuhitaji kuambiwa. Alisimama pale pale mpaka watu wakaja kumshika mikono.

Wifi alimsimulia chumbani, mlango umefungwa. Jumamosi, tangu kulipopambazuka, seremala aliomba akalishwe kwenye kiti chake. Akaomba kitambaa cheupe, akajifunga mwenyewe, maana mikono yake bado ilijua fundo. Saa nne mlango ukagongwa, akasema, "Huyo!" Alikuwa mwenyekiti, na mkoba mkono huu, na gauni la bluu limekunjwa vizuri mkono ule.

"Kaka akamwuliza mwenyewe yuko wapi," wifi alisema. "Mwenyekiti akaeleza. Akasema, nilihesabu, walitimia. Kaka yangu akalichukua lile gauni, akaliweka mapajani. Nikamwambia, kaka, acha basi nikuite kinyozi. Akasema Jumamosi haijaisha. Nikamwambia jua linazama. Akasema haijaisha. Tulimtoa kitini kwa kumbeba. Alfajiri akaondoka."

"Mlimnyoa kabla ya kumzika?"

Wifi aliangalia chini. "Tuliogopa, wifi. Alisema asiguswe na mtu. Na hatukuweza kukusubiri, joto lilikuwa kali, tukazika Jumatatu."

Hapo ndipo Fundi alipolia. Alilia kwa sababu ya ndevu. Watu wa nje walidhani analia msiba kama wanavyolia wengine, wakaitikia.

Alasiri kikundi cha sala kikaja kuhani, wote ndani ya magauni ya bluu, wakaketi mstari mmoja ukutani. Mwenyekiti akasimama, akakohoa, akasema maneno yanayosemwa.

"Mama, jikaze. Kazi ya Mungu haina makosa."

Fundi aliinua uso.

"Haina, mwenyekiti. Ya Mungu haina. Mimi naulizia ya kwako."

Mwenyekiti akatazama saa yake kubwa kana kwamba jibu limeandikwa humo. Jirani yake Fundi wa kiti, yule wa chai, akaanza kulia kwa sauti.

"Mimi ndiye niliyewaambia Mungu hachelewi," Fundi aliendelea, polepole. "Niliwaambia kule sakafuni, mkaniitikia. Yeye hakuchelewa. Alikuwa hapa, kwenye chumba hiki, kama mume wangu alivyoniambia. Mimi ndiye niliyekwenda kumtafuta kwa watu."

Walipoaga, mwenyekiti alisimama mlangoni kuwapitisha akina mama. Kidole kikaanza kuinuka chenyewe, kwa mazoea. Akakishika kwa mkono wa pili, akakiingiza mfukoni.

Mafuta Fundi alimpa wifi yake, ana goti linalomsumbua. Gauni la bluu alilifumua mshono kwa mshono, akalirudisha kuwa vitambaa. Kanisani anakwenda bado, anakaa nyuma, na mapatano hafanyi tena.

Jumamosi iliyofuata maji yalikuwa yameshachemka ndipo alipokumbuka. Alizima jiko. Akaifungua ile sabuni, akainusa, akaifunga. Kisha akaenda akaketi kwenye kile kiti, kitambaa cheupe mapajani, mpaka jua likazama.