Makawa Matatu, Sufuria Moja

Nakumbuka siku moja kule kwetu kisiwani Jibondo, mwanangu, ilibaki kidogo tuaibike mbele ya wakwe. Dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa na kijana wa Baleni, na kwetu sinia la wakwe hurundikwa wali mpaka uguse ncha ya kawa, kile kifuniko cha ukindu kilichochongoka juu. Wakifunua wakakuta wali umelala, hiyo ni fedheha ya ukoo mzima.

Shida ilikuwa maji. Wakati huo tuliletewa kwa mashua, na yaliyobaki mapipani hayakuwa mengi. Shangazi Mwanaidi, mkuu wa jiko, mtu ambaye hata kaka zake walimwogopa, alikadiria kwamba sufuria moja ya wali hujaza makawa mawili. Kwa hesabu hiyo zingepikwa sufuria nyingi, na maji yasingetosha. Akasema Baleni wapelekewe salamu, wapunguze wageni. Dada aliposikia, akaanza kulia chumbani.

Mimi nilikuwa darasa la saba, na hesabu nilizipenda kama wenzangu walivyopenda ngoma. Nikachukua uzi, nikapima: kawa na sufuria vililingana upana wa mdomo, vikalingana hata kimo. Nikasema mbele ya wanawake wote kuwa sufuria itajaza makawa matatu, maana mwalimu amesema ujazo wa pia, umbo lililochongoka kama kawa, ni theluthi ya ujazo wa chombo kilichosimama wima kama sufuria: zidisha nusu kipenyo kwa yenyewe, kisha kwa pai, kisha kwa kimo, halafu ugawe kwa tatu. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Bibi yangu, mzaa baba, hakucheka. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mwalimu hayupo hapa jikoni. Tuoneshe."

Nikalipindua kawa, nikalijaza mchele mkavu, nikaumimina sufuriani. Mara ya pili sufuria bado ilikuwa na nafasi, na vicheko vikapungua. Mara ya tatu mchele ukafika mdomoni. Mwenye macho haambiwi tazama. Shangazi akausawazisha kwa kiganja, kisha akasema, "Pikeni. Baleni waje wote."

Wakaja, wakala wakasaza. Shangazi mwenyewe alinishika mkono, akanipeleka kwa wakwe na kuwaambia kuwa huyu ndiye aliyepima chakula chao. Nilijivuna, mwanangu, na mpaka leo najivuna, sikufichi.

Basi sikiliza. Jambo ukilijua kwa hakika, liseme, hata kama waliokuzunguka wote ni wakubwa zako. Lakini usiwatishe watu kwa jina la mwalimu. Wape waone kwa macho yao. Na aliyekosea usimcheke, maana Shangazi naye alikuwa akilinda heshima ya nyumba yetu.

Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye manufaa na moyo wa kuisimamia. Wazazi wako waitwe kwa jina lako, nao waitike wakiwa wameinua vichwa.