Neti Usiku, Miguu Wazi Mchana

Masharti yalitolewa kwangu Hodge Hill, hapa Birmingham, kwenye meza ya jikoni, tukinywa chai ya maziwa. Binti wa jirani yangu aliyahesabu kwa vidole. Mama yake angeenda Jamaika wiki tatu, na mimi ningefuatana naye. Akirudi mzima, angekuwa huru kwenda kila mwaka. Akirudi mgonjwa, hata na kikohozi tu, hiyo ndiyo ingekuwa safari ya mwisho, na nyumba yake ya huko ingeuzwa.

"Wewe ni nesi," aliniambia. "Nimekukabidhi mama yangu."

Mama mwenyewe alikuwa ameketi pale pale akikoroga chai isiyo na sukari, kana kwamba anasemwa mtu mwingine. Ana miaka themanini na moja. Mtaa mzima humwita Sista, kwa cheo cha nesi mkuu wa wodi alichostaafu nacho katika hospitali kubwa ya upande wa Bordesley Green, ambako sasa nafanya kazi mimi. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, chumba baada ya chumba, likizo baada ya likizo. Alichotaka ni kuyafungua madirisha yake kwa mkono wake mwenyewe kila Januari mpaka siku zake ziishe. Sijawahi kumsikia akiomba kitu kingine.

Nilikubali kabla binti hajamaliza kuongea. Sitaficha, nilikuwa najisikia. Nimezaliwa Kisumu, nimekua nikiumwa na mbu kila jioni. Nani wa kunifundisha habari za nchi za joto? Sista alinilazimisha kwenda kliniki ya wasafiri, nikaenda. Nesi wa pale alipoanza kunieleza kuhusu mbu, nilimkatiza. "Huyo namjua," nikamwambia. Karatasi ya maelezo aliyonipa niliikunja nikaitia kwenye mfuko wa koti, na koti lenyewe nikaliacha Birmingham nyuma ya mlango.

Mume wangu alisimama akinitazama nikipakia: neti mbili, kipima joto, mashine ya presha, brufeni, dawa ya kuhara, pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji.

"Sasa hii ni holiday ama ume-book night shift?" aliuliza.

"Wewe ngoja tu. Huyo mama nitamrudisha aking'aa."

"Na wewe je?"

"Mimi nina shida gani?"

Uwanja wa ndege binti alikuwa ameshaagiza kiti cha magurudumu. Sista alikitazama, akaweka mkoba wake juu yake, kisha akatembea kando yake mpaka kwenye geti. Kijana wa uwanja alisukuma mkoba njia nzima.

Kule nilifanya kazi, tena nzuri. Kila asubuhi nilimpima presha. Nilimpaka losheni ya jua kwanza, halafu juu yake dawa ya kufukuza mbu. Saa sita mchana hakutoka nje. Chakula alikula kikiwa moto, na baharini nilimruhusu maji ya magotini tu. Jua likianza kushuka nilifunga madirisha, nikatundika neti na kuchomeka kingo zake chini ya godoro kama nilivyofundishwa na mama yangu.

Mchana sasa, hapo ndipo nilipojiachilia. Nilikaa barazani na kaptula, miguu nimeinyoosha, nikiwatumia ndugu zangu picha. Sista alivaa shati la mikono mirefu na suruali toka asubuhi, na jua lote lile. Nilimcheka.

"Sista, hiyo baridi yako umeitoa wapi?"

"Mbu wa huku anauma mchana," alinijibu kwa Kiingereza chake cha kisiwani. "Funika miguu, mtoto."

"Mbu ni mbu, Sista. Mimi nawajua."

Tena kulikuwa na mambo ya ndoo. Mtu aliyekulia kwenye mgao wa maji hawezi kuona mfereji unatoka vizuri akauacha hivi hivi. Siku ya kwanza nilijaza ndoo na karai bafuni, maana huwezi kujua kesho. Sista akamwaga. Nikajaza tena, nikaficha nyuma ya mlango bila kifuniko. Siku ya kumi aliniita bafuni na kunionyesha kwa kidole. Viluwiluwi wa mbu walikuwa wakicheza humo ndani.

"Unawafuga nyumbani kwangu," alisema.

Nilimwaga, lakini nilinuna mpaka chakula cha jioni. Maji safi yale!

Wiki ya tatu ilipoanza niliamka asubuhi na kichwa kinauma hasa nyuma ya macho, na mifupa kama imepigwa rungu. Malaria, nikajiambia, wala sikujiuliza mara mbili. Chini ya mkoba nilikuwa na dawa ya malaria niliyonunua Kenya Krismasi iliyopita. Sisi Wakenya wa Birmingham huwezi kutukosa na pakiti hiyo. Nikameza dozi ya kwanza. Nikatoa na brufeni mbili za maumivu, na zilikuwa tayari kiganjani Sista alipoingia.

Alinipokonya. Mama wa miaka themanini na moja, nikashindwa hata kukunja vidole.

"Hii ni dengue, homa ya mbu wa mchana," alisema. "Brufeni na aspirini zinaweza kukutoa damu. Paracetamol, maji, na twende kliniki sasa hivi."

Daktari alichukua damu, akathibitisha, kisha akaniuliza kwa upole ni nani aliyeniandikia dawa ya malaria katika kisiwa kisicho na malaria.

Sista alirudi kazini siku hiyo. Alichora chati nyuma ya kalenda, kwa mwandiko ule wa manesi wa zamani: joto, vikombe vya maji, mara ngapi nimekojoa. Kila siku alinipeleka kupimwa damu. Siku ya nne homa ilishuka nikaketi kitandani, nikatangaza kwamba nimepona. Alinilaza tena kwa kidole kimoja.

"Dengue huwa hatari homa ikishuka, sasa ndipo nakuangalia zaidi. Tumbo likiuma, ukitapika, fizi zikitoa damu, uniambie hapo hapo."

Nililia. Nilikuwa naogopa, ndiyo, lakini zaidi nililia kwa sababu ya nyumba. Mbele yangu kulikuwa na dirisha alilolifungua asubuhi ile, na pazia lilikuwa likicheza.

"Nimekuharibia, Sista. Binti yako atauza."

Alikuwa akiandika kwenye chati, hakuinua macho. "Masharti yalihusu afya yangu au yako?"

Daktari aliniruhusu kusafiri siku ile ile ya tiketi zetu, miguu ikiwa bado haina nguvu. Birmingham kiti cha magurudumu kilikuwa kikisubiri mlangoni mwa ndege. Kijana wa uwanja alimgeukia Sista. Sista akaninyooshea mimi kidole. Nilikaa. Aliniwekea mkoba wake mapajani, akamwambia kijana asogee, na kunisukuma mwenyewe mpaka nje.

Binti alikuwa amesimama na koti zito mkononi. Alimtazama mama yake kutoka juu hadi chini, mgongo wima, ngozi inang'aa kama nilivyoahidi. Kisha akanitazama mimi. Nilifungua mdomo niombe msamaha, Sista akaniwahi.

"Mwakani nakwenda peke yangu," alisema. "Huyu anahitaji nesi."

Binti alinifunika mimi lile koti alilomletea mama yake.

Januari hii Sista ameenda. Jana alituma picha nikiwa jikoni napika. Amesimama mbele ya nyumba yake na shati lake la mikono mirefu, madirisha yote wazi, na pembeni ya ngazi ipo ndoo yangu, imegeuzwa juu chini. Nilizima jiko nikalia kwa furaha. Halafu nikampigia binti yake aje tuitazame pamoja.