Mtoto Asiyegeukia Kibuyu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, enzi zile Wabelgiji walipokuwa wakitulimisha pamba huku Fizi. Nilikuwa mkekani mbele ya nyumba yetu pale Baraka, na mtoto wangu wa kwanza, Wilondja, ameketi kati ya miguu yangu. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukaa bila kuegemezwa. Mama mkwe wangu, Nyassa, akatoka nyuma ya nyumba na kibuyu kidogo alichokikausha mwenyewe, akakitia maharagwe makavu na kukiziba kwa kijiti. Wajukuu zake wote walichezea kibuyu cha namna hiyo.

Alikitikisa nyuma ya kichwa cha mtoto. Wilondja hakugeuka. Akakitikisa tena karibu na sikio moja, kisha la pili. Kuku waliokuwa wakidonoa uani walikimbia, lakini mwanangu aliendelea kuvuta uzi wa mkeka. Kibuyu kilipopita mbele ya macho yake ndipo alipocheka na kunyoosha mikono. Mama Nyassa aliniachia kibuyu akaingia ndani, nami nikakitikisa tena peke yangu.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Nilikuwa nikipiga sufuria nyuma yake, nikimwita jina, kisha najidanganya kwamba amegeuka. Nikiwa shambani nachuma pamba, fikira zangu zilikuwa nyumbani. Shangazi za mume wangu walishaanza kunong'ona kwamba mtoto amerogwa, na kwamba balaa limetoka kwetu, kwa baba yangu. Walitaka apelekwe kwa mganga huko Kilembwe, aachwe kule mpaka afunguke. Fikiria, mwanangu, mtoto anayenyonya bado.

Mume wangu, Asukulu, alikuwa mvuvi asiye na maneno mengi, na niliona yuko karibu kukubali. Siku moja alikusanya vitu vyote vya mtoto vya kuchezea akavitupa darini. Alisema kumchezesha mtoto asiyesikia ni kujiumiza moyo bure.

Mama Nyassa alikuwa anaanua ndakala, dagaa wa ziwa letu, waliokauka juani. Aliweka ungo chini.

“Masikio njo imefungwa, Asukulu,” alisema polepole. “Macho iko wazi. Mikono iko wazi. Na we unataka kufunga na hiyo?” Kisha akanigeukia mimi. “Na we, mama, acha kumupigia sufuria. Umuonyeshe vitu.”

Akaongeza kwamba maadamu yeye yuko hai, mtoto haendi Kilembwe.

Basi tukaanza. Mimi nilishona mpira wa vipande vya kitenge, vyekundu na vya manjano, nikaujaza pamba yenye madoa ambayo wanunuzi waliikataa. Asukulu alichonga samaki, mtungi na mtumbwi kwa mti laini, kila kimoja kikubwa kiasi cha kutoingia kooni mwa mtoto, akavisugua kwa majani makavu yanayokwaruza hata visiwe na kibanzi. Kila tulipompa mtoto maji, tulimshikisha kwanza ule mtungi. Kila tulipomlisha samaki, tulimshikisha samaki wa mti.

Lakini yeye aliving'ata tu na kuvitupa. Mvua zikaja, akaanza kutembea, na bado alivitupa. Majirani walitucheka, eti watu wazima kuzungumza kwa vijiti. Moyoni nilianza kuogopa jambo ambalo sikuthubutu kumwambia hata mume wangu: kwamba labda akili nayo haipo.

Kisha, mchana mmoja, nilikuwa nachochea moto, macho yamejaa moshi, nikasikia kitu kimewekwa mapajani pangu. Ulikuwa ule mtungi wa mti. Wilondja alikuwa amesimama mbele yangu ananitazama usoni, na kidole chake kiko mdomoni. Nilimpa maji. Akanywa yote, akaniwekea mtungi tena.

Asukulu alikuwa anashona wavu mlangoni. Aliacha sindano ikaanguka.

“Amesema,” akasema.

Wilondja hakusikia kamwe, sitakudanganya. Lakini alikua akizungumza kwa mikono, akajifunza kuunda mitumbwi, akaoa, na watoto wake ndio ninyi mnaoniita bibi.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu, wewe uliyejifungua juzi: mtengenezee mtoto wako vitu vya kuchezea kwa kile ulichonacho, kitambaa, gunzi la mahindi, kipande cha mti. Kiwe kisafi, kisiwe na ncha, kisiwe kidogo cha kumezwa. Kisha kaa naye chini, umtazame anavyocheza, maana hapo ndipo atakapokuonyesha anachoweza na kinachomshinda. Ukiona kasoro usiifiche kwa kuogopa midomo ya watu, na usimwache mtoto peke yake kwa sababu wewe una hofu. Hofu utakuwa nayo. Cheza naye hivyo hivyo.

Mungu autulize moyo wako, aibariki mikono yako, na mtoto wako asikose kamwe mtu wa kumwelewa.