Kuku Mwekundu na Riwaya Isiyo na Firigisi

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku ya soko, nilimkabidhi mwenye hoteli mmoja wa Khayega kuku wangu mwekundu. Saa tisa na nusu fedha zake, shilingi mia moja na ishirini, zilikuwa kwa muuza vitabu vya mitumba, nami nilikuwa na riwaya mkononi.

Sisi tuliosoma miaka ya tisini tunajua jinsi kitabu kimoja kilivyoweza kushika shule nzima. Hiki kilikuwa cha mauaji na maradhi ya akili. Nakala moja ilizunguka darasa la nane mpaka jalada likalainika kama kitambaa, na zamu yangu haikufika. Wenzangu walinong'onezana, nikikaribia wakanyamaza. Kuku yule nilipewa na Kukhu, nyanya yangu, nimuuze ninunue atlasi ya mtihani.

Nilipokiri, hakunichapa. Aliendelea kupukuchua mahindi. "Basi nisomee," akasema. "Nijue kuku wangu amefia nini."

Kila jioni, baada ya kuchota maji, nilimsomea huku mboga za mrenda zikichemka, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiluhya. Washukiwa niliwaandika daftarini: mke, daktari, mtunza bustani, nani alikuwa wapi, saa ngapi. Kukhu alimshuku daktari. "Mtu anatabasamunga hivyo na hakuna aliyemchekesha? Mwandike wa kwanza."

Jioni ya tisa tulifika mwisho. Mauaji hayakuwapo. Yote yalikuwa ndoto za mgonjwa aliyelazwa hospitalini. Nilirudia ukurasa ule mara mbili, nikidhani nimekosea kutafsiri.

"Hakuna aliyekufa?"

"Hakuna, Kukhu."

"Kitabu chote hiki, aliyekufa ni kuku wangu peke yake?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kwetu mgeni akiandaliwa kuku, hutafuta kwanza firigisi, ile tunayoiita imondo. Asipoiona, hata mchuzi uwe mtamu vipi, anajua amedharauliwa. Kukhu, kwa mila ya wanawake wa rika lake, hakuwahi kuonja kuku, lakini alikuwa amewapikia wageni maisha yake yote.

"Mwandishi huyu ametupatia mchuzi siku tisa," alisema. "Imondo ameila mwenyewe jikoni."

Mtihani niliufanya bila atlasi, na maswali ya ramani yakanishinda. Shule yangu iliishia mwaka ule. Mengine nimejisomea mwenyewe, na kila kitabu nikikimaliza huuliza firigisi iko wapi.

Binti yangu hutazama mwisho wa hadithi kwenye simu kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, asije akapoteza muda. Hakuna mwandishi aliyewahi kumdanganya. Wala hajawahi kukaa na mtu jioni tisa mfululizo, wakimshuku daktari pamoja. Kukhu hayupo tena, daftari la washukiwa ninalo. Hasara yangu yote ilikuwa shilingi mia moja na ishirini.