Sauti Iliyobaki Katikati ya Nyimbo

Naona haya hata kuwasimulia jambo hili, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa Manga, ambao huliongeza chumvi.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikapata kazi ya ualimu Keumbu, nikapanga chumba, nikanunua redio ya kaseti, na kila mara mama aliponiuliza kama sioni upweke nilimjibu kwamba nina marafiki tele (chumba kilikuwa na kiti kimoja). Jioni, nikishamaliza kusahihisha madaftari, nilizoea kujirekodi nikijijulia hali na kujijibu, ili tu nisikie mtu akiongea.

Basi kwaya ya kanisa letu kule Manga ikataka kurekodiwa, na kaseti niliyokuwa nayo ilikuwa hiyo hiyo ya kujijulia hali. Kiongozi wa kwaya akanisihi, "Mwalimu, ufute kwanza mkanda wote." Mimi, msomi wa kuhoji kila kitu, nikamuuliza kwa nini nihangaike kufuta kitu ambacho nyimbo zenyewe zitakifuta. Nikarekodi, na baada ya kila wimbo nikausogeza mkanda mbele kidogo, maana kiongozi alitaka pabaki nafasi ya watu kusema "Amina."

Sabato alasiri kaseti ikapigwa kanisani, redio ikiwa mbele juu ya meza, mimi nyuma karibu na mlango (ndiko tunakokaa wenye mashaka). Wimbo wa kwanza ukaisha, watu wakafungua midomo waitikie, na sauti yangu ikauliza:

"Mwalimu, umeshindaje?"

"Salama tu," nikajijibu, kwa sauti nyembamba.

"Aa! Mwalimu naye ameingia kwaya!" mzee mmoja akasema, kanisa zima likacheka, nami nikacheka nao, nikijiambia yamekwisha (mtu asiyeamini chochote, siku hiyo nikaamini). Wimbo wa pili ukaisha.

"Umekula?"

"Nimekula ndizi."

"Na nani?"

"Na wewe."

Hapo hakuna aliyecheka. Mama akageuka kwenye benchi la mbele, akanitafuta kwa macho.

"Mwanangu, hao marafiki tele wako wapi?"

Nilichukua redio yangu nikatoka bila kuaga. Chumbani nikaufuta mkanda wote, pande zote mbili, kisha nikausikiliza mwanzo hadi mwisho, na nimeapa sitasema tena kitu kimefutika kabla sijakisikiliza chote. Palikuwa na mvumo mtupu. Niliusikiliza mpaka ukakatika, nikajikuta bado nangoja kuulizwa kama nimekula.