Saa ya Kuchuma Mchunga

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara alinikabidhi mkasi, magazeti ya zamani na bunda la fomu. "Majani yasiyo na fomu ni chakula cha mbuzi," alisema. Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Majina ya kisayansi nilijifundisha mwenyewe.

Kituo chetu mjini Tanga kilitafuta dawa za virusi katika mimea ambayo watu huila au hujitibu nayo. Mimi nilichuma na kukausha kivulini. Wataalamu walitengeneza dondoo, yaani kile kinachobaki majani yakilowekwa kwenye spiriti na spiriti ikaondolewa, kisha wakaijaribu juu ya seli zilizotiwa virusi. Kutoka Horohoro hadi Muheza nilizunguka miaka mingi, karibu siku zote peke yangu. Sampuli nyingi hazikufanya kitu.

Ng'ambo ya mto Pangani aliishi Bi Mwanahawa, aliyewapikia wenye homa mchunga, ile mboga chungu tunayoiunga kwa nazi. Alichuma kabla jua halijatoka, na tangu avuke kizingiti hakusema na mtu mpaka kikapu kijae. Nilimfuata kimya. Kilipojaa, akacheka: "Haya pumua, mwanangu. Nilidhani utapasuka!"

Dondoo ya mchunga ule ilizuia virusi. Ilikuwa bado mbali sana na kuitwa dawa, lakini Mkuu alinishika mkono mbele ya wote. "Kalete nyingine. Vilevile kama mwanzo."

Safari hiyo pantoni ilinichelewesha, nikafika shambani saa sita mchana. Bi Mwanahawa alikuwa mgonjwa, nikachuma mwenyewe. Kwenye fomu, penye saa, niliandika: alfajiri. Niliona majani ni majani tu.

Dondoo ya pili haikufanya kitu. Mkuu aliniita.

"Umechuma vilevile?"

"Vilevile, Mkuu."

Akafunga jalada. "Basi ile ya kwanza tulikosea sisi."

Nilipomsimulia Bi Mwanahawa, aliinua kichwa kitandani. "Saa sita? Umewapelekea mboga iliyochoka! Kawaambie."

"Nitawaambia, bibi."

Sikuwaambia. Masika yalipoingia, alikuwa ameshazikwa.

Sijui kama saa ndiyo iliyoleta tofauti. Pengine ni mvua, pengine udongo. Lakini kwa sababu ya neno langu moja, hakuna aliyejaribu tena.

Nimestaafu, nami naishi ng'ambo ileile. Mwezi uliopita nilimwandikia Mkuu wa sasa nikaitaja saa ya kweli. Jibu halijafika. Hata hivyo leo nimechuma. Sharti la kutosema na mtu halinipi taabu. Tangu mke wangu afariki, nyumbani hakuna wa kunisemesha. Kikapu kilipojaa nilisimama kidogo, kama anayengoja kuambiwa apumue. Kisha nikajaza fomu: saa kumi na moja na nusu, alfajiri.