Kisigino Kisiguse Chini

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na kazi mjini, katika ukumbi ambamo mwalimu mmoja wa Kizungu alifundisha watoto balei, ngoma ya Kizungu ya kuchezwa kwa ncha za vidole. Mimi nilifagia, nikapiga deki, na kuweka kanda kwenye redio kaseti kila mwalimu alipopiga makofi. Watoto walikuwa wa matajiri, wakiletwa na madereva. Kwa miaka miwili nilisimama kando ya ile redio nikitazama, na nikibaki peke yangu na ufagio nilijaribu. Sioni haya kusema kwamba nilikuwa hodari kuliko nusu ya wale watoto.

Siku moja mwalimu aliniambia nimlete binti yangu kila Jumamosi kuanzia wiki mbili zijazo, atamfundisha bure. Binti yangu alikuwa na miaka sita. Tulikuwa tukiishi Jomvu Kuu kwa wakwe zangu, mume wangu akiwa baharini miezi tisa kwa mwaka, na neno la mwisho juu ya watoto lilikuwa la mama yake. Mama mkwe wangu alifundisha wasichana Kurani chuoni, akijulikana kwa sauti na kwa fimbo. Nilijua akisikia ngoma ya Kizungu ataniuliza mapaja yanafunikwa na nini. Nikaamua asiambiwe, aonyeshwe.

Kwa hiyo nikatunga hadithi. Binti wa mfalme alikwenda kisimani, akakanyaga kivuli cha jini. Jini akaapa kwamba siku kisigino cha binti huyo kitakapogusa chini, visima vyote vya nchi vitakauka. Basi binti akawa anatembea kwa ncha za vidole mpaka mvua inyeshe siku tatu mfululizo. Nilimchukua binti yangu na watoto wawili wa wifi yangu, tuliokuwa tukikaa nao nyumba moja, nikawapa hadithi hiyo kabla ya kuwaonyesha hatua hata moja. Waliielewa mara moja. Swali lao lilikuwa moja tu, kama binti wa mfalme alikwenda chooni vivyo hivyo. Nikawaambia jini hakutaja choo.

Tulifanya mazoezi uani wiki mbili, mama mkwe akiwa chuoni. Nilikuwa mkali. Nilisema "kisigino!" mara nyingi hata kuku wa jirani wakazoea. Binti yangu aliniuliza kila jioni tutamaliza lini, nami nikadhani ana hamu ya siku yenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa baada ya alasiri, wanaume wakiwa nje. Walikuja wifi yangu na majirani watatu, na mama mkwe akaketi kwenye kiti cha mbele. Watoto walivaa suruali ndefu nyeupe, na juu yake sketi nilizoshona kwa chandarua kikuukuu. Miguuni soksi za shule. Nikaweka kanda, nikaanza kusimulia, nao wakatoka nyuma ya pazia la mlango wakiwa wamenyanyuka vidoleni, mikono juu. Walikwenda vizuri. Binti yangu alikwenda vizuri kupita wote, na nilijivunia kwa namna isiyopendeza.

Nilichosahau ni kuwaambia wageni kwamba balei hutazamwa kimya. Kwetu mwanamke hakai kama gogo mbele ya mchezaji. Walianza kupiga makofi, kisha vigelegele, kisha jirani mmoja akainuka na kumtuza binti yangu leso, akamvisha mabegani. Na mtoto wa kwetu aliyetuzwa leso anajua la kufanya, maana ameliona kwenye kila harusi tangu alipoanza kutambaa. Binti yangu alishusha visigino, akaifunga leso kiunoni, akacheza chakacha kwa kukata nyonga. Wale wawili wakamfuata. Wifi yangu akaleta sinia, akalipiga. Visima vyote vya nchi vikakauka, na kanda yangu ya piano ikaendelea peke yake pale pembeni mpaka nilipoizima. Nilikuwa na hasira ya kulia.

Mama mkwe alicheka hata akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Wageni walipokwisha kuondoka, aliniita.

"Hiyo ya kwanza ndiyo ya huko kazini kwako?"

"Naam, mama."

"Na wewe wataka mwana aende."

Nilikuwa na hoja zangu tayari: suruali ndefu, wasichana peke yao, na Jumamosi baada ya masomo ya chuo. Sikufika hata ya kwanza.

"Mimi sikuona baya," alisema. "Wamejisitiri, na mwana yuwaweza. Lakini mwite mwenyewe."

Nikamwita.

"Abee, bibi."

"Mamako ataka ukafundishwe ngoma ile ya kwenda kwa vidole. Wataka?"

Binti yangu alinitazama, leso bado iko kiunoni.

"La," alisema. "Mama hukasirika."

Nilisema mtoto wa miaka sita hajui atakalo. Mama mkwe alimwambia mtoto aende akale, akangoja mpaka atoke.

"Yuwajua," alisema. "Atakaye ni wewe, mwanangu. Nilikutazama. Mwana akienda mbele, na mguu wako wainuka. Wallahi, ungeniambia ni wewe wataka kwenda, ningekupa ruhusa."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Hakuna mtu aliyewahi kunipa ruhusa ya jambo nisiloliomba. Nikaenda kukunja mikeka.

Jumamosi mwalimu aliniuliza mtoto yuko wapi. Ningeweza kusema hakutaka. Ningeweza pia kusema lile lingine, kwamba anayetaka yupo, amesimama hapa na ufagio.

"Mama mkwe wangu amekataa," nilisema.

Mwalimu alitikisa kichwa kwa huruma, akasema alihofia hivyo tangu mwanzo. Hakuuliza zaidi. Aliniamini upesi mno, na nikaona haya kwa ajili yetu sote wawili. Kisha akapiga makofi, nikaweka kanda. Nilibaki pale miaka mitatu mingine, na sikumsahihisha.